Mvinyo Mweupe na wa Mapovu wa Morgex, Chini ya Mont Blanc

Anayesoma lebo ya mvinyo huu kwa mara ya kwanza atasameheka akidhani kwamba umetoka Ufaransa, maana jina lake, Blanc de Morgex et de La Salle, ni la Kifaransa mwanzo hadi mwisho. Ukweli ni kwamba ni mvinyo wa Italia, wa mkoa wa Valle d'Aosta, ambako Kifaransa na Kiitaliano zote ni lugha rasmi. Morgex na La Salle ni vijiji jirani vilivyo upande wa juu wa bonde, karibu na Courmayeur, pale ambapo mlima Mont Blanc, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,800, umeziba anga. Mashamba ya mizabibu yanaanzia kwenye takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari na kufikia kwenye 1,200, na ni machache sana barani Ulaya yanayopandwa juu zaidi ya hapo.

Sisi tuliokulia Dodoma hatutishwi na kimo hicho, kwa kuwa mji wetu wenyewe uko juu ya mita 1,100 na zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huko Morgex mavuno ni mara moja tu, shamba hulala chini ya theluji miezi kadhaa, na sakitu ya usiku mmoja katika majira ya machipukizi yaweza kuangamiza jasho la mwaka mzima. Kwa hiyo nilipofika huko nilitaka kwanza kuliona shamba, glasi ingengoja.

Mizabibu yenyewe imetandazwa juu ya chanja zilizoshikiliwa na nguzo za mbao au za mawe, na chanja hizo ni fupi kiasi kwamba mvunaji hawezi kuzifikia zabibu ila kwa kuinama, na penginepo kwa kupiga magoti kabisa na kukata vichala vilivyoning'inia usoni pake. Nilijaribu kwa dakika chache na mgongo ukanijibu mapema. Ufupi huo una sababu yake: joto ambalo ardhi na kuta za mawe zimelihifadhi mchana hupanda usiku na kuyakuta majani yakiwa karibu, nao upepo unaoshuka kutoka kwenye barafu ya mlima hupita juu bila kuyapiga sana.

Zabibu ni za aina moja tu, Prié Blanc, ambayo hukawia kuchipua lakini huwahi kuiva, tabia inayoifaa nchi yenye kiangazi kifupi. Filoksera, yule mdudu wa mizizi aliyeteketeza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19 na kuwalazimisha wakulima karibu kila mahali kuibebesha juu ya mashina yenye asili ya Marekani, hakuweza kuenea katika baridi hii, na hivyo Prié Blanc imebaki ikisimama juu ya mizizi yake yenyewe. Wenyeji hulisema hilo kwa fahari, na nadhani wana haki.

Nianze na mvinyo mtulivu, usio na mapovu. Rangi yake ni ya majani makavu yaliyofifia, yenye dokezo la kijani, na harufu yake haikurukii puani. Yabidi uitafute, ndipo utakapokuta tufaha bichi, maganda ya limau na kitu kama nyasi zilizokatwa jana. Kileo ni kidogo, nao uchachu ni mkali kiasi cha kuyafanya mate yajae mdomoni mara baada ya kumeza. Anayeonja glasi moja bila chakula huenda akauona mwembamba, na sitamlaumu. Lakini ukiwekwa kando ya fontina, jibini nono ya ng'ombe wa mkoa huohuo, uchachu huo huyakata mafuta na kuusafisha ulimi, na ghafla mtu anaelewa mvinyo huu ulitengenezewa meza gani. Ununuliwe ukiwa mchanga, unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Sioni sababu ya kuutunza zaidi ya hapo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, zabibu hii imepata wito wake hasa kwenye mvinyo wa mapovu. Njia ni ileile ya shampeni: mvinyo mtulivu hutiwa chupani pamoja na sukari na hamira, huchachuka mara ya pili humo humo, kisha hulazwa juu ya mashapo ya hamira kwa miezi mingi kabla ya kusafishwa. Ule uchachu uliokuwa ukikera kidogo katika mvinyo mtulivu hapa unakuwa uti wa mgongo. Mapovu huupunguzia makali, mashapo huuongezea harufu ya ganda la mkate, na kinachobaki mwishoni ni chumvichumvi nyepesi inayodai funda jingine.

Mzalishaji mkuu ni ushirika wa wakulima ulioanza mwaka 1983, Cave Mont Blanc, unaokusanya zabibu za wenye vishamba vidogo vidogo. Msingi wa sifa ya mvinyo huu ulikuwa umewekwa kabla ya hapo na padri wa Morgex, Alexandre Bougeat, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuutia mvinyo wa hapa katika chupa zenye lebo na kuutangaza nje ya bonde. Ushirika huo una mvinyo wa mapovu uitwao Cuvée des Guides, uliohusishwa na waongoza wapanda mlima wa Courmayeur, na kazi ya kuuchachusha imefanyika kwenye kituo cha Pavillon cha magari ya waya, mita 2,173 juu. Husemwa kwamba hewa nyepesi ya huko ndiyo inayofanya mapovu kuwa madogo. Mimi nasitasita kukubali, kwa sababu chupa iliyofungwa haijui sana hewa ya nje ikoje; ninachoweza kuamini ni baridi, ambayo huifanya hamira ifanye kazi polepole. Kimo huonekana waziwazi mtu anapoifungua chupa hukohuko juu: kanieneo ya hewa imepungua kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na ile ya usawa wa bahari, na mapovu hutoka kwa fujo kuliko yatokavyo bondeni. Kwa vyovyote vile, mvinyo wenyewe ni mzuri, mapovu yakipanda kwa nyuzi nyembamba zisizokatika, na bei yake iko chini ya shampeni nyingi.

Onyo langu ni kuhusu utunzaji. Chupa ya mvinyo mtulivu niliyoinunua katika duka moja la Torino ilikuwa imesimamishwa dirishani penye jua, na nilipoifungua nyumbani rangi ilikuwa imegeuka kahawia na harufu ni ya tufaha lililochemshwa. Tangu siku hiyo huomba chupa iliyolazwa stoo, na muuzaji akisema iliyobaki ni ile ya dirishani tu, humshukuru na kuondoka.