Nilishikishwa darubini ya mamilioni na vifuniko vyake: Zeiss SF au Swarovski NL, uzoefu wangu

Mama watoto kaniambia hii habari niiache, imeshapita. Ilikuwa baada ya masika, mwaka jana au juzi, sishiki tarehe. Lakini kila asubuhi nikiivaa hii kitu shingoni namkumbuka yule kijana wa dukani na hasira inarudi mbichi, kwa hiyo acha niandike tu.

Naongoza watalii Serengeti na Ngorongoro, mwaka wa kumi na kitu sasa, na kwenye hii kazi macho ndiyo mtaji. Miaka yote hiyo nilikuwa na bainokula ya bei poa, upande wa kushoto ulishaingia vumbi la barabara ya Naabi likagoma kutoka, nikawa naangalia kwa jicho moja kama fundi saa. (Halafu msifute vioo kwa tisheti jamani, pulizeni kwanza, lile vumbi la kule chini ni jivu la volkano, linachora kioo hivihivi unaona.) Nikasema basi, tipu za msimu mzima naweka pembeni, nanunua kitu cha maana mara moja nife nacho.

Wagombea wawili tu, Zeiss Victory SF na Swarovski NL Pure, zote za 8x42, yaani zinakuza mara nane na kioo cha mbele ni milimita 42. Namba zao mtazisoma wenyewe. Ila mtu asiwadanganye mchukue ya kumi, kwenye Land Cruiser yenye wageni sita kila mmoja anahamahama na kamera yake, kumi inakuletea chui anacheza singeli. Nane inatosha, na uzime gari.

Zote nilikuwa nimeshazionja kabla. NL nilishikishwa na mama mmoja mgeni wa ndege, wale ambao simba kalala pale hana habari naye anatafuta kandege kwenye majani, na kweli ukiweka jichoni ni kama umefunguliwa mlango, uwanda wote uko ndani mpaka pembeni na pembeni pako safi kama katikati. Zeiss anayo mwenzangu tunayekutana naye sana bondeni Seronera, aliachiwa na mzee mmoja mteja wake.

Sasa hiyo Zeiss ndiyo iliyoniloga. Jioni moja redioni kila mtu anasema hakuna kitu, tumesimama karibu na mwegea, nikamwazima nikaanza kuhesabu matunda. Mnayajua yale matunda ya mwegea, marefu, yananing'inia kama soseji. Moja likawa na mkunjo nchani. Nikatulia nalo. Mkunjo ukajinyoosha, ukajikunja tena. Mkia huo! Chui mzima kalala juu ya tawi na giza linaingia, na kwa macho matupu pale ulikuwa huoni hata tawi. Na mkono haukuchoka, maana uzito wake umerudishwa nyuma upande wa macho, ukiishika ni kama inajibeba yenyewe. Nikasema imeisha hiyo, nachukua Zeiss.

Nikaenda duka moja la vifaa vya safari, jina silitaji na mji siutaji. Zote mbili zimo kwenye kabati la kioo limefungwa kufuli. Nikasalimia vizuri, nikaomba kuziona. Kijana ananiangalia viatu.

"Kaka, hizo tunafungua kwa mteja."

"Na mimi ni nani?"

"Mteja siriasi namaanisha. Madereva huwa mnakuja kupiga picha tu."

Dereva! Sina shida na udereva, naendesha, lakini lile neno alivyolisema. Halafu eti akanitolea kimkebe fulani cha kichina kimeandikwa 20x50, akasema hii ndiyo itakufaa, inaona kilomita kumi. Mwezi nauona bila bainokula, nao uko kilomita ngapi? Nikamwambia nina hela, nataka kulinganisha zile mbili. Akafungua kwa kununa, akatoa Zeiss, akaniwekea mkononi, nikawa natoa vifuniko vya mbele akadaka mkono wangu. Akadaka! "Shika tu, vifuniko usitoe, vioo vinaingia uchafu."

Yaani mtu mzima nimesimama dukani nimeweka darubini ya mamilioni machoni naangalia giza. Zote zinapita dola 2,000, hapo unanunua pikipiki mbili, na mimi nionyeshwe giza.

Hapohapo akaingia mzungu, kandambili mguuni, bukta imepasuka mfukoni. Hata hajasema anataka nini, kijana huyo mbio, vifuniko vikatolewa, akatolewa na zote mbili mpaka barazani azijaribu kwenye bango la ng'ambo ya barabara. Na vumbi la barabarani? Hilo siku hiyo halikuwa linaingia kwenye vioo. Yule bwana akacheka, akasema anapita tu, akarudisha akaenda zake. Nikaweka ile Zeiss juu ya kaunta taratibu, nikatoka. Sikutukana, na mpaka leo najutia.

Mwishowe yule mama wa ndege aliponiandikia kwamba anarudi, nikamwomba aninunulie huko kwao, nikamlipa. Akaniuliza ipi. Vidole vikaandika Swarovski kabla kichwa hakijafikiri, kwa sababu ile niliyoshikishwa gizani ilikuwa Zeiss, na nikiona tu ile alama ya bluu nasikia harufu ya lile duka. Ujinga, najua. Zeiss wenyewe wamenikosea nini?

Basi ninayo NL. Ni nzuri? Ni nzuri mno. Kutafuta duma Ndutu kwenye uwanda mtupu sijaona kama hii, unazungusha taratibu na ardhi haibingiriki kukupa kizunguzungu. Nilichukua na kile kitegemeo cha paji la uso kinachouzwa pembeni, wenzangu wakacheka wakaniita Mjerumani, nawaambia hii ni ya Austria, inatoka Absam, hawasikii, ila mtikisiko umepungua kweli na sasa wawili wameniuliza bei. Mama watoto naye anaiita "bati", maana hela ilikuwa ya kuezekea.

Kwa hiyo mkiniuliza, chukueni NL. Ila nikiwa mkweli, saa kumi jioni shingo inaijua, na mikono yangu mimi ilikuwa imeshachagua ile nyingine. Mwenye mikono kama yangu achukue Zeiss. Aaah, sijui. Chukueni yoyote, ila mtoe vifuniko kwanza, na mtu akikudaka mkono toka nje.

Juzi jioni yule mwenzangu tumekutana tena palepale kwenye mwegea, nikamwambia hebu nione mara moja kitu fulani kule juu. Hakukuwa na kitu. Nimekaa nayo mpaka akaniuliza, "Mzee, yako imeharibika?"