Majedwali ya Google kwa kupangia kalenda ya mbio za klabu: yanafaa, kwa masharti

Kamati ya klabu ya madereva wa ridhaa inapokaa kupanga msimu, swali la kwanza huwa ni uwanja, na tarehe hufuata baadaye. Wenye viwanja vya mbio huyapa mashindano makubwa wikiendi zinazotakiwa zaidi, huuza siku nyingine kwa makampuni yanayofanya majaribio ya magari, na zile zinazobaki ndizo zinazogombewa na klabu ndogo. Kwa miezi kadhaa, basi, karibu kila tarehe ya klabu ni ombi lisilojibiwa, na chombo cha kupangia kalenda hakina budi kupimwa kwa namna kinavyoshughulikia tarehe za aina hiyo. Kwa kipimo hicho ninatathmini hapa Majedwali ya Google, programu ambayo wengi huiita Google Sheets. Rai yangu ni kwamba ndiyo programu inayoifaa zaidi kamati ya watu wa kujitolea wakati wa kupanga, ila isigeuzwe kuwa ubao wa kutangazia kalenda iliyokwisha kupitishwa.

Mengi hutegemea jinsi jedwali lenyewe linavyoundwa. Wengi huanza na mistari sita au minane, mmoja kwa kila raundi, na hapo faida kubwa ya programu hupotea, kwa maana wikiendi zisizo na mbio hazionekani popote. Mpangilio ninaoupendekeza ni mstari mmoja kwa kila wikiendi ya mwaka. Kisanduku cha juu kinaandikwa Jumamosi ya kwanza, cha chini yake kinawekewa fomula ya =A2+7, na fomula hiyo ikivutwa hadi mwisho wa mwaka unapata Jumamosi zote bila kuandika tarehe nyingine hata moja. Pembeni yake zinafuata safu za viwanja, safu ya mashindano yaliyokwisha kuingizwa kwenye kalenda ya chama cha taifa kinachotambuliwa na FIA (shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari), safu ya klabu nyingine za eneo, safu ya sikukuu na safu ya saa ya machweo. Safu hizi mbili za mwisho hupuuzwa mno. Pasaka huweza kuangukia siku yoyote ya Jumapili kati ya Machi 22 na Aprili 25, na sikukuu za Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana hainakiliki hivi hivi. Machweo nayo ndiyo yanayoamua ni madaraja mangapi ya magari yatakayotoshea katika siku moja, kwa kuwa kila daraja lina mazoezi, lina mizunguko ya kupanga nafasi za kuanzia, lina mbio zenyewe, na katikati yake kuna magari ya kuvutwa na mafuta ya kufagiwa njiani.

Baada ya safu hizo, kila tarehe inayofikiriwa inapewa hali yake kwa orodha kunjuzi: wazo, imeombwa, imeshikiliwa, imelipiwa amana. Programu inaruhusu kila hali iwe na rangi yake, na hapa ndipo inapozishinda karatasi na barua pepe. Mjumbe akifungua jedwali, mara moja anaona kwamba raundi ya tatu bado ni ahadi ya mdomo huku ya nne ikiwa imekwisha kulipiwa, na hawezi tena kuzijadili kana kwamba zina uzito sawa. Maoni yanayobandikwa kwenye kisanduku yana thamani kubwa zaidi. Mwenye uwanja akikataa tarehe kwa sababu lami inakarabatiwa, sababu hiyo inakaa pale pale kwenye tarehe iliyokataliwa, na mjumbe mpya hatapoteza kikao kizima akiuliza kwa nini wikiendi hiyo iliachwa. Historia ya matoleo inaonyesha nani alibadilisha nini na lini, na jedwali linaweza kurudishwa lilivyokuwa kabla ya mabadiliko. Katika kamati ambayo watu wanne wana haki ya kuhariri, hilo huondoa lawama nyingi.

Jambo linalostahili muda mrefu kuliko yote ni nafasi kati ya raundi moja na nyingine. Dereva wa ridhaa ana kazi yake ya wiki nzima. Giaboksi ikivunjika Jumapili, itashushwa jioni za wiki inayofuata, kipuri kitaagizwa, kitasubiriwa, kitafungwa, na gari litahitaji kujaribiwa kabla ya kurudi uwanjani. Kwa mtu wa namna hiyo, wiki tatu ndicho kiwango cha chini kinachovumilika, na kalenda yenye raundi mbili ndani ya siku kumi na nne huwaacha nyumbani wale wasio na fundi wa kuajiriwa, ambao ndio uti wa mgongo wa klabu. Majedwali ya Google hayajui lolote kuhusu hili mpaka yafundishwe. Inatosha kuweka kanuni moja ya rangi: kisanduku kiwe chekundu iwapo wikiendi hiyo ina mbio na mojawapo ya mistari miwili iliyo juu yake ina mbio pia. Kanuni hiyo huandikwa kwa COUNTIF, fomula inayohesabu visanduku vinavyotimiza sharti, katika dakika chache, na tangu hapo kila anayependekeza tarehe anaona papo hapo kama amewabana madereva.

Klabu nyingi hujaribu kukwepa tatizo la nafasi kwa kuweka raundi mbili ndani ya wikiendi moja. Gharama ya kusafirisha magari hugawanyika, uwanja hukodiwa mara moja, na wasimamizi huombwa safari moja tu. Hata hivyo, dereva anayegonga ukuta Jumamosi asubuhi hupoteza pointi za raundi mbili kwa kosa la sekunde moja, na kama msimu una raundi sita tu, ubingwa wake umekwisha. Kwa hiyo idadi ya raundi haiwezi kuamuliwa peke yake. Lazima iamuliwe pamoja na idadi ya matokeo yatakayohesabiwa. Kanuni ya kuacha matokeo mabaya ina uzito wa kweli. Mwaka 1988 katika Formula 1, Alain Prost alikusanya pointi 105 na Ayrton Senna 94, lakini kwa kuwa yalihesabiwa matokeo 11 bora kati ya mbio 16, Senna alibaki na 90, Prost akabaki na 87, na ubingwa ukaenda kwa Senna. Formula 1 iliiacha kanuni hiyo kuanzia msimu wa 1991, na naamini kwa mashindano ya watu wanaolipwa kukimbia ilikuwa sahihi kuiacha. Kwa ridhaa ni kinyume: dereva aliyenyimwa likizo kazini au aliye na harusi ya ndugu anahitaji kanuni inayomruhusu kukosa raundi moja na bado akawania taji. Programu hii inasaidia sana hapa. Bandika matokeo ya msimu uliopita, jumlisha yaliyo bora kwa fomula za SUM (inayojumlisha) na LARGE (inayochagua yaliyo makubwa), kisha badilisha idadi inayohesabiwa uone msimamo unavyogeuka, kabla hujaitangaza kanuni yoyote.

Kuna faida nyingine ambayo sijaiona ikitumiwa inavyostahili. Wasimamizi wa kona, washika bendera na wahudumu wa tiba katika eneo moja mara nyingi ni watu wale wale wanaozihudumia klabu zote. Klabu mbili zikipanga mbio siku moja katika viwanja viwili, madereva wanaweza kugawanyika bila madhara makubwa, lakini watu wa bendera hawatoshi, na mbio bila wahudumu wa tiba walio tayari haziruhusiwi kuanza. Fomula ya IMPORTRANGE huvuta tarehe kutoka jedwali la klabu nyingine hadi kwenye lako, mradi klabu hiyo imeridhia kukushirikisha, na mgongano huonekana mapema, wakati tarehe zote mbili bado ni mawazo tu. Kwa maoni yangu, hii peke yake inatosha kuishawishi klabu ihame kutoka kwenye faili lililofichwa katika kompyuta ya katibu.

Sasa niseme pale ambapo programu inahitaji kuangaliwa kwa jicho kali. La hatari zaidi ni namna inavyosoma tarehe. Katika mipangilio ya jedwali kuna sehemu ya kuchagua eneo, na uchaguzi huo ndio unaoamua kama 03/04 ni Aprili 3 au Machi 4. Programu haitoi onyo lolote, kwa sababu zote mbili ni tarehe halali. Kinga yake ni rahisi: chagua eneo sahihi kabla ya kuandika chochote, kisha tumia muundo unaoonyesha jina la siku na jina la mwezi kwa herufi, ili tarehe iliyosomwa vibaya ijitokeze kama Jumatano katikati ya safu ya Jumamosi. Udhaifu wa pili ni kwamba kisanduku kinachonakiliwa na kubandikwa hubeba muundo wake na kanuni zake za rangi, na baada ya wiki chache za uhariri wa watu wengi kanuni huweza kurundikana na kupingana. Wahariri wafundishwe kubandika thamani pekee, na safu zenye fomula zilindwe ili mtu asiziguse kwa bahati mbaya. Kwenye simu, jedwali pana lenye safu za viwanja vitano husomeka kwa taabu.

Udhaifu wa tatu ndio ulionifanya niseme lisitumike kutangazia. Tarehe zinaweza kuhifadhiwa kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na kuingizwa katika Kalenda ya Google, lakini kinachoingia ni nakala. Raundi ikihamishwa baadaye katika jedwali, kalenda iliyo kwenye simu ya dereva itabaki na tarehe ya zamani. Inawezekana kuandika programu ndogo ya kuziunganisha hizo mbili, na kama klabu ina mwanachama mwenye ujuzi huo na anayedumu, vizuri. Akiondoka bila kuacha maelezo, klabu itabaki na mtambo usiojulikana unavyofanya kazi.

Kwa tarehe za akiba, jedwali la wikiendi zote linafaa bila nyongeza yoyote, kwani nafasi zilizo wazi zinaonekana. Hata mbio kubwa huhitaji akiba. Saa 24 za Le Mans, ambazo kwa kawaida hufanyika Juni, zilihamishiwa Septemba mwaka 1968 kutokana na machafuko na migomo iliyoikumba Ufaransa, na zikahamishiwa Septemba tena mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Klabu ndogo haina uwezo wa kulipia wikiendi ya ziada, lakini inaweza kumwomba mwenye uwanja haki ya kuulizwa kwanza kabla wikiendi fulani haijatolewa kwa mwingine, na ahadi hiyo ikaandikwa kwenye maoni ya kisanduku.

Zipo huduma maalumu za kuendeshea klabu, zinazopokea usajili, malipo na nakala za leseni. Nyingi ya hizo zinaanza kuwa na maana tarehe zinapokuwa zimethibitishwa, na hazina mahali pa kuweka tarehe inayosubiri jibu. Klabu yenye washiriki wengi itazihitaji kwa usajili, lakini zisichukuliwe kuwa mbadala wa jedwali la kupangia.

Kamati ikishapitisha kalenda, jedwali lifungwe kwa kuwaachia wajumbe haki ya kutazama tu, nakala ya PDF yenye tarehe ya kupitishwa itumwe kwa wanachama, wasimamizi na wenye viwanja, na mabadiliko yote yapitie kwa mtu mmoja. Raundi ikihama, nakala mpya ionyeshe tarehe ya zamani ikiwa imepigwa mstari kando ya mpya, ili dereva aliyekwisha kuomba likizo kazini kwa tarehe ya kwanza ajue kwamba anatakiwa kuomba upya.