Mamba wa Uswisi juu ya meza ya Kirumba: uzoefu wangu na kichwa cha treni cha LEGO chenye mota

Mama watoto aliponikuta nimemwaga vitofali kwenye sinia lake la pilau aliuliza swali moja tu: "Hicho kitu kinavua sangara?" Nikasema hapana. Akachukua sinia lake, akaniachia beseni.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Kirumba, Mwanza. Kutwa nzima mikono yangu iko kwenye oili, plagi na propela zilizogonga mwamba. Kwa hiyo naomba msomaji anielewe: haya si maoni ya mtoto, wala ya mtu mwenye kabati la vioo la kupanga midoli. Nimeipima seti hii kama ninavyopima mashine ya mteja, kwa kusikiliza.

Seti yenyewe ni ya LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kujengea, namba 10277, iliyotoka mwaka 2020. Ina vipande 1,271, na ukimaliza unapata kichwa cha treni cha umeme cha Uswisi kinachoitwa Mamba. Jina linamfaa. Ana pua ndefu mbele na pua ndefu nyuma, katikati kuna kibanda cha dereva, rangi ni ya kahawia, na anapoingia kwenye kona anajikunja sehemu mbili kama mamba anayegeuka kwenye matete. Sisi wa ziwani mamba hatuhitaji kuelezwa.

Bei yake ya dukani Marekani ilikuwa dola 99.99. Mimi niliagiza kupitia shemeji yangu aliyekuwa masomoni Ujerumani, akaja nayo kwenye begi lake mwaka 2021, boksi limetolewa, mifuko imebanwa katikati ya masweta. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza, nalo nalisema mapema ili lisikukute: ndani ya seti hakuna mota. Kuna reli fupi ya kumsimamishia mezani, kuna kibao cha maelezo, basi. Ukitaka atembee unanunua mwenyewe boksi la betri linaloongea na simu kwa Bluetooth (namba 88009) na mota kubwa (namba 88013). Na ukitaka atembee mahali, unanunua reli. Shemeji hakujua, mimi sikujua. Mamba alikaa mezani miezi kadhaa kama sanamu.

Mota na boksi vilikuja baadaye kwa mzigo, pamoja na mfuko wa reli zilizokwishatumika. Msafirishaji simtaji, alisema wiki tatu, ikawa miezi miwili na kitu, na kila nikipiga simu mzigo "uko njiani". Njia gani hiyo, sijui. Jumla ya kila kitu, pamoja na usafiri na ushuru, ilinifikisha karibu laki sita. Mama watoto anafahamu nusu ya hesabu hiyo. Kama unasoma hapa, mama, tutazungumza.

Kujenga kulinichukua jioni nne. Mifuko ina namba, hatua zote ni picha, kwa hiyo lugha si tatizo. Binti yangu wa darasa la tano alikuwa ananitangulia kutafuta vipande na kunikaripia nikiruka hatua. Vitofali vinashikana kwa namna ambayo fundi anaielewa: si kwa nguvu, ni kwa kipimo. Kutoka kinundu hadi kinundu, vile vilivyo juu ya kila tofali, ni milimita 8, kila mahali, na ndiyo maana kipande cha leo kinakaa juu ya kipande cha miaka ya nyuma kabisa. Hataza ya tofali hili iliombwa Denmark tarehe 28 Januari 1958. Natamani watengenezaji wa vipuri vya mashine za boti wangekuwa na msimamo wa aina hiyo.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, magurudumu.

Treni nyingi za kuchezea zina magurudumu yanayozunguka tu. Mamba ana mikono. Pembeni ya magurudumu kuna vyuma virefu (hapa ni plastiki, lakini acha niite vyuma) vinavyounganisha gurudumu na gurudumu, vinapanda na kushuka pamoja. Mamba halisi alikuwa hivyo hivyo. Alizaliwa kati ya 1919 na 1922, wakati mota za umeme zilikuwa kubwa mno kukaa chini karibu na ekseli. Wakaziweka juu, ndani ya zile pua, nguvu ikashuka kwa magurudumu ya meno hadi kwenye krenki, kama ile ya pedeli za baiskeli, na mikono ikaisambaza kwa magurudumu. Ndiyo maana ya pua ndefu, si urembo. Na ndiyo maana ya kujikunja: reli ya Gotthard inapanda milima ya Alps kwa kona juu ya kona, na kichwa kirefu cha kipande kimoja kingekwama. Waswisi walikimbilia umeme kwa sababu hawana makaa ya mawe, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoyafanya yawe adimu wakabaki wanayatazama maji yao yanayoporomoka milimani.

Nilimaliza mikono, nikafunga mota, nikaweka betri, nikawasha programu ya Powered Up kwenye simu. Mamba akaanza kuchechemea.

Si kidogo. Anakwenda, anasita, anagugumia, anaruka, anakwenda. Nikahisi betri. Nikabadilisha betri. Nikahisi mota. Nikatoa mota, nikaijaribu mkononi, inazunguka laini kabisa. Nikaweka tone la oili ya cherehani mahali ambapo, nadhani, hapapaswi kuwekwa oili. Bado. Jioni ya pili nilikuwa nimekaribia kumpandisha kabatini.

Mzee wangu alikuja Jumapili kula. Mzee alitumikia reli hapa Mwanza kwa miaka mingi, kwenye karakana, enzi za reli ya kati, ile iliyofika huku kutoka Tabora mwaka 1928. Macho yake sasa hayafai sana, masikio yanafaa. Alikaa kwenye kiti, akasikiliza Mamba akizunguka mara mbili, akauliza, "Mkono wa kulia na wa kushoto vinapanda pamoja?"

Nikaangalia. Ndiyo, vinapanda pamoja. Niliviweka hivyo kwa sababu vilipendeza vikilingana.

"Ndiyo ugonjwa wake huo."

Nimeona aibu kuandika hili, mimi ninayeweka taimingi za mashine za watu kwa kulipwa. Fikiria pedeli za baiskeli. Pedeli moja ikiwa juu kabisa na nyingine chini kabisa, ukikanyaga kwa kusukuma chini hakuna kinachosogea. Kuna pahali pafu. Kwenye baiskeli unapita kwa mwendo uliokwisha kuupata. Kwenye kichwa cha treni, mikono ya pande zote ikifika pahali pafu kwa wakati mmoja, gurudumu linalovutwa na mkono halijui lizunguke mbele au nyuma. Likikosea, linakaba. Dawa yake ni kuutanguliza upande mmoja robo mzunguko, nyuzi 90, ili mkono wa kushoto unapokufa wa kulia uko kwenye nguvu zake. Ekseli za LEGO zina umbo la msalaba, kwa hiyo gurudumu linaingia kwa namna nne tu, na robo mzunguko ni kulichomoa na kulirudisha hatua moja. Nilifanya kazi hiyo kwa dakika kumi. Nikafungua kitabu tena kuangalia: picha ilionyesha hivyo tangu mwanzo, kosa ni langu, binti yangu akathibitisha kwa furaha isiyo na adabu.

Baada ya hapo Mamba alitembea. Sauti ikawa moja, nyembamba, kama mashine ya boti unayoisikia kutoka upande wa pili wa ghuba asubuhi kabla upepo haujaamka. Anapoingia kona ile pua ya mbele inageuka kwanza, kibanda kinafuata, pua ya nyuma inamalizia. Nimeitazama kona hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mwenye mashine tatu za wateja zinazosubiri.

Kuhusu nafasi: duara kamili la reli za kawaida za LEGO ni vipande 16 vya kona, na linakula karibu sentimita 70 kutoka ukingo hadi ukingo. Meza ya chakula ya kawaida inatosha kwa shida. Mimi nilipachika ubao juu ya meza ya gereji, nikaongeza reli nyoofu pande mbili. Piga ukingo wa mbao pembeni, hata wa sentimita mbili. Sitasimulia kwa nini.

Betri: boksi linakula sita ndogo, zile za rimoti ya televisheni. Za bei ya chini za mitaani zilinifia kabla hata chai haijapoa, nikahamia za kuchaji na sijarudi nyuma. Faida moja sikuitarajia: umeme ukikatika Mamba anaendelea, na watoto wa jirani wanakuja na tochi zao kumtazama. Wadudu wadogo wa ziwani nao huja, wakifuata tochi. Msimu wao ukifika, wanakufa kwa mafungu juu ya reli na magurudumu yanaanza kuteleza. Futa reli kwa kitambaa kikavu, si chenye maji. Hili hutalikuta kwenye kitabu cha maelekezo.

Kuna usumbufu wa simu. Kwa kuwa Mamba anaendeshwa na simu, na simu yangu ndiyo ofisi yangu, mteja wa Igombe alinipigia siku moja akitaka kujua habari za mashine yake. Nikaweka simu sikioni. Mamba akaendelea kuzunguka kwa kasi ileile huku mimi nikieleza gasketi. Tafuta simu ya zamani isiyo na laini, ibaki ya treni tu.

Watoto huuliza kama hii ni SGR, ile reli yetu mpya ya kisasa. Nawaambia ndiyo na hapana. Mamba halisi alitembea kwenye reli ya upana wa milimita 1,435, upana uleule wa SGR inayojengwa kutoka Isaka kuja hapa kwetu, wakati reli yetu ya zamani ni milimita 1,000. Na wote wawili wanakula umeme wa waya wa juu: Uswisi kilovolti 15, SGR yetu kilovolti 25. Vile vyuma viwili vya kukunja juu ya paa la Mamba ndivyo vinavyougusa waya. Kwenye modeli unavinyanyua na kuvilaza kwa kidole, havina umeme. Ila Mamba halisi aliundwa kwa kilomita 65 kwa saa, na mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka inayotoka Dar kwenda Dodoma, unafika 160. Mtoto mmoja aliposikia hivyo alimdharau Mamba palepale. Nikamwambia amkokotee mzigo wa makaa kupanda Gotthard huo mchongoko wake, lakini alikuwa ameshaondoka.

Je, ununue? Seti hii haitengenezwi tena, kwa hiyo utaipata kwa watu, na bei watapanga wao. Kama ni kwa ajili ya kabati, mimi naona ghali. Kama utamwekea mota, na una mtu wa kujenga naye, fedha yake inaonekana. Ukinunua iliyotumika, omba muuzaji akupigie picha ya magurudumu kwa pande zote mbili, mikono yote iwepo, hesabu mwenyewe. Na agiza mota, boksi na reli siku hiyohiyo. Mtoto wa chini ya miaka kumi ataweza kusaidia ila asiachiwe peke yake na mikono ile. Kama nilivyokwisha kusema, hata watu wazima hawapaswi kuachiwa.

Mzee siku hizi anakuja kila Jumapili, chakula kikiwepo au kisiwepo. Simu haigusi. Ameweka kopo tupu la sadini kando ya reli, ndiyo stesheni, na kazi yangu ni kumsimamisha Mamba mlango wa kibanda ukiwa sawa na kopo. Anapapasa kwa kidole, anahesabu vinundu. Jumapili iliyopita nilipitiliza kwa vitatu. Ana daftari, ameandika.