Mafunjo Yaliingia, Aliyeyaleta Akaachwa Getini

Kina mama wenzangu wa biashara wa Kikuubo, hapa Kampala, wamenisumbua muda mrefu: ile shule ya mwanao, ya watoto wasiokaririshwa, ni ya kweli au ni ya kula pesa? Nikawaambia ngojeni maonyesho ya muhula yapite, nitawaandikia. Nilidhani nitaandika kwa furaha. Sasa naandika huku bado nimefura, kwa hiyo mnivumilie.

Karo, basi, chakula na rangi ya sare mtavipata ofisini kwao. Jina la shule silitaji. Iko kwenye vilima vya upande wa ziwa, wanaoijua wataijua.

Kwanza niwape haki yao. Shule tuliyotoka, mtoto wa darasa la nne alikuwa anakwenda Jumamosi kufanya mitihani ya majaribio, miaka mitatu kabla ya PLE yenyewe, mtihani wa kumaliza shule ya msingi! Wimbo ulikuwa mmoja: jumla ya 4, yaani alama ya 1, ambayo ndiyo ya juu kabisa, katika kila somo kati ya yale manne. Binti yangu alikuwa anaota hesabu usingizini. Huku wanafundisha kwa udadisi: mtoto anatafuta swali lake, analifuata muhula mzima, anauliza watu, anachora, anapima, anakosea, anarudia. Wanaocheka mtindo huu wakumbuke kwamba hata serikali imeuelekea. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, watahiniwa wa kwanza wakafanya mtihani wake 2024, na asilimia 20 ya alama hutokana na kazi za darasani. Kwa hiyo si uzungu mtupu.

Binti yangu alichagua mfereji wa Nakivubo. Anauvuka kila siku akiwa nyuma ya boda, akauliza: maji haya meusi yanakwenda wapi? Jamani, nyumbani hatukupumua. Ila jibu alilipata. Mfereji unazoa uchafu wa mjini, unapita soko la Owino na viwandani, unateremka mtaa wa Namuwongo, unaingia kwenye kinamasi, kisha Ghuba ya Murchison kwenye Ziwa Victoria. Na ghuba hiyohiyo ndiko mitambo ya Ggaba inakovuta maji tunayokunywa. Kinachotusaidia katikati ni mafunjo, yale majani marefu ya kinamasini, yanayochuja sehemu ya uchafu, nasi tunayafyeka tulime na tujenge. Aliponieleza nilikuwa na glasi ya maji mkononi. Nikaiweka mezani.

Nani alimfundisha? Si kitabu. Ni kijana wetu wa boda, anayemwita Anko. Amekulia Namuwongo, mama yake alikuwa analima magimbi mle kinamasini. Jioni walikuwa wanasimama darajani, anamwonyesha mafunjo yalikuwa yanafika wapi zamani, na mvua ikinyesha maji yanaingilia mlango upi. Mwalimu wa darasa alipowaambia watoto kila mmoja amwalike mtu wa mtaani anayelijua jambo lake, binti yangu hakufikiri mara mbili. Akamchorea kadi, pikipiki kwa kalamu nyekundu, jina lake chini.

Siku ya maonyesho Anko alikuja amepiga pasi shati, ile jaketi ya kung'aa ameiacha nyumbani, na fungu la mafunjo mabichi limefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Askari wa getini, mzee aliyetoka jeshini na Kiswahili chake kizuri, akaangalia kadi, akaangalia pikipiki, akaniambia, "Mama, mimi sina neno, lakini ofisi imesema madereva wabaki nje." Nikamwita dada wa mapokezi. Alikuja anatembea polepole na karatasi yake ya majina. Hakumsalimia Anko. Alizungumza na mimi tu, kana kwamba mwenzangu ni mzigo nimeuteremsha pale.

"Nnyabo, madereva wanangoja nje. Kuna kivuli pale."

Nikamwambia huyu si dereva leo, ni mgeni wa mtoto, kadi hii hapa. Akaigeuza kadi, akaitazama nyuma kama anatafuta muhuri. "Kadi za watoto ni za darasani. Wageni ni walio kwenye orodha." Kisha akamwagiza askari achukue mafunjo, mtoto asichelewe. Na yakachukuliwa! Mafunjo yalibebwa kwa mikono miwili hadi ndani, aliyeyakata alfajiri akabaki anatafuta kivuli.

Ndani kuna hema, sambusa, juisi, na kitambaa kikubwa kimeandikwa kwamba hapa sote ni jamii moja. Mkuu wa shule akahutubia kuhusu ujirani mpaka mgongo ukaniuma. Mgeni mmoja wa suti akainama kwenye meza ya binti yangu: umejuaje haya yote, nani amekufundisha? Mtoto akajibu, "Yuko getini." Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa kitoto. Yeye hakucheka. Wakati huo, mngeniuliza, ningewapa nyota moja, na hiyo moja ni ya yule askari.

Lakini subirini. Mwalimu wa darasa, binti mdogo tu, alipoelewa kilichotokea hakuuliza ruhusa ya mtu. Alikwenda getini mwenyewe na viatu vyake virefu, akamwingiza Anko kwa mlango wa jikoni. Anko sambusa hakugusa. Akaenda moja kwa moja kwenye ule mfano wa udongo, akautazama, akasema, "Hapa umekosea, maji hayapiti hivi, yanazunguka." Watoto wa meza nyingine wakaacha kazi zao, wakamzunguka kwa maswali, hata yule wa suti akatoa daftari. Ile ndiyo shule niliyolipia. Nikapandisha nyota zikafika nne.

Zingebaki nne. Wiki hiyohiyo ikaja barua, eti nakumbushwa taratibu za wageni. Nikajibu kwamba mimi simdai mtu, ila yupo mtu anayestahili kuombwa radhi, na jina lake liko kwenye kadi. Radhi ikaja kweli. Kwangu! "Mzazi mpendwa, tunasikitika kwa usumbufu ulioupata." Usumbufu gani nilioupata mimi, niliyekaa kwenye hema nikila sambusa? Anko mwenyewe ananiambia, achana nao mama, wamezoea. Hilo neno ndilo linaloniudhi kuliko barua.

Kwa hiyo kina mama, mnataka jibu. Mtoto atafunguka akili, hilo siwafichi, nami simtoi. Ameshaanza kuuliza kwa nini taka za shule zinachomwa nyuma ya uwanja, na nangoja kwa hamu wamjibu. Mwombeni Mungu mpate yule mwalimu. Mkialika mtu asiye na gari, jina lake lipitieni kwa mwalimu mapema, msiliache mapokezi. Nyota mbili na nusu, labda tatu, sijui. Karo ya muhula ujao nimelipa nusu. Hiyo nyingine ingoje nje kidogo, kivuli kipo.