Uzoefu wangu: Land Rover ya marehemu baba na fundi aliyesema umeme haujui rangi

Kazi ya bodi iliyofanywa na gereji hii ya Arusha ilinitoa machozi ya furaha, na ni haki niliseme hilo kwanza. Land Rover ya marehemu baba, Series III yenye chesisi ndefu, ilikaa chini ya mparachichi kwa miaka mingi, na karibu kila aliyeiona alinishauri niiuze kama chuma chakavu. Fundi bodi hakunishauri hivyo. Aliipaka sabuni ya kipande alminiamu iliyobonyea, akaipasha moto mpaka sabuni ikawa nyeusi, akaniambia sasa alminiamu imelainika, kisha akaigonga polepole kwa nyundo ya mbao, bila kuficha mabonde kwa puti.

Hasira yangu inatoka kwa fundi umeme wa gereji hiyohiyo. Nilipokwenda kuangalia kazi, nilikuta amekata fungu lote la nyaya za zamani na kuweka mpya, zote nyekundu, zikiwa zimeviringishwa teipu. Nilimuuliza kwa adabu atazitofautishaje, kwa kuwa kwenye gari hili waya wa kahawia unatoka kwenye betri, mweupe unatoka kwenye swichi ya kuwashia gari, wa kijani umepitia kwenye fyuzi na mweusi ni wa ethi, yaani unaofungwa kwenye chuma cha gari ili umeme urudi kwenye betri. Hayo nilifundishwa na baba nilipokuwa msichana mdogo, nikimshikia tochi. Fundi hakuinuka hata kunitazama. Alijibu akiwa amelala chini ya dashibodi: "Mama, umeme haujui rangi. Unataka taa ziwake au unataka mapambo?" Vijana waliokuwa wakipiga msasa wakacheka. Nililipa nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Wiki chache baadaye, tukiupanda mlima wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu, giza likiwa limeanza kuingia, moshi ulifuka chini ya dashibodi, taa zikazimika, na mwanangu akaanza kulia. Nilikimbia kuchomoa waya wa betri. Tulimulika kwa simu tukitafuta ulioungua unaanzia wapi, tusiweze kuufuata hata hatua moja, kwa sababu zote zilikuwa nyekundu.

Fundi wa Karatu alinionyesha chanzo. Waya mkuu wa betri, ambao kwenye Series III haulindwi na fyuzi, ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva bila kuwekewa kipande cha mpira, ukasagika kwa mtikisiko mpaka shaba ikagusa chuma. Kipande cha mpira! Ethi za taa nazo zilikuwa zimefungwa juu ya rangi mpya, ambayo huzuia umeme, ndiyo maana taa zilikuwa hafifu tangu siku ya kwanza.

Nilikusudia kuandika kwamba bodi ipelekwe pale na nyaya zipelekwe kwingine. Lakini tulipofungua paneli tulikuta skru za chuma zimekazwa moja kwa moja kwenye alminiamu bila chochote cha kuzitenganisha, na unyevu ukiingia hapo alminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Basi hata bodi sithubutu tena kuwashauri. Hata hivyo huenda skru zilifungwa na wale vijana, kwa maana mlango wa dereva, ambao fundi bodi aliunyoosha kwa mkono wake mbele yangu, unafungika kwa kidole kimoja, na enzi za baba ulikuwa ukifungwa kwa kamba. Huyo nimemsamehe. Fundi umeme sijamsamehe.

Gari bado liko Karatu, linafungwa nyaya upya, za kahawia, nyeupe, kijani na nyeusi, na kila Jumamosi nakwenda kumshikia fundi tochi.