SSD yenyewe haina shida, shida fundi: nusura niuziwe mazabodi (bodi kuu ya laptop)

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie. Kama upo Dodoma na unafikiria kutoa ile hadidiski ya zamani uweke SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, soma kwanza hapa kabla hujamwachia mtu laptop yako.

Nina kisteshenari changu Ng'ong'ona, wateja wengi ni wanachuo wa UDOM, na msimu wa kukabidhi tafiti mnaujua wenyewe, foleni mpaka nje halafu laptop ukiiwasha unaweza kwenda kununua chapati, ukala, ukarudi, bado inazunguka tu. Mdogo wangu akaninunulia SSD Kariakoo akaituma kwa basi. Ile ya NVMe, aina ya SSD inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, kitu chenyewe kidogo kama pakiti la Big G, nikajiuliza kweli hiki ndo kitabeba kazi zangu zote? Nikaipeleka mjini kwa fundi mmoja kwenye zile barabara za namba, duka sitalitaja, ila ana kibao kikubwa na meza imejaa laptop zilizofunguliwa matumbo.

Makubaliano yalikuwa rahisi, ahamishe Windows yangu nzima nzima kutoka diski ya zamani iende kwenye SSD, afunge, nilipe, niondoke. Narudi jioni namkuta anawasha anazima, anawasha anazima. Kioo cheusi, maandishi meupe yanasema hakuna kifaa cha kuwashia. Akirudisha diski ya zamani inawaka vizuri tu. Akiweka SSD, kioo cheusi.

Akaingia bayosi, zile kurasa za mipangilio ya laptop kabla Windows haijawaka, nami nimesimama nyuma yake, na ndo hapa ninapotaka mnielewe, kwa sababu niliona kwa macho yangu. Ukurasa wa kwanza jina la SSD limeandikwa, na ukubwa wake. Ukurasa wa mpangilio wa kuwashia, haipo. Nikamwambia kaka, mbona kule mwanzo imeandikwa? Si ina maana laptop inaiona? Hakugeuka hata kunitazama. Akasema, "Dada, wewe si unachapa? Basi chapa. Mambo ya mazabodi tuachie wenyewe." Kwenye benchi walikuwepo watu wanasubiri simu zao, wakacheka. Aisee. Mimi na umri wangu huu, na hela yangu mkononi!

Hukumu ikatoka pale pale, laptop ni ya mtumba, mazabodi haisapoti, nyingine inapatikana kwa 350,000. Laki tatu na nusu! Halafu akanichaji 15,000 ya "uchunguzi". Uchunguzi wa kuwasha na kuzima. Nikalipa maana giza lilikuwa linaingia na sikutaka kuliwa kichwa zaidi, nikachukua vitu vyangu nikapanda bajaji nikiwa nimenuna mpaka dereva akauliza mama kuna msiba?

Siku iliyofuata au inayofuatia, sikumbuki, akaja kijana mteja wangu anayesoma CIVE, koleji ya mambo ya kompyuta hapo hapo chuoni, alikuja kuprinti tu, nikamsimulia. Hakucheka. Akaniuliza swali moja, diski ya zamani ni MBR au GPT? Nikamwambia mwanangu hapo umeniacha. Akaniomba laptop akaangalia mwenyewe, akasema ndo hiyo hapo mama.

Nilivyomwelewa ni hivi. Diski yangu ya zamani iligawanywa kwa ule mtindo wa kale wa MBR, na laptop ilikuwa imewekwa iwake kwa njia ya kale vile vile, ile inaitwa Legacy. Sasa NVMe kwa kawaida haiwaki kwa njia hiyo, inataka njia mpya inayoitwa UEFI. Na UEFI nayo inataka diski iwe GPT, yaani igawanywe kwa mtindo mpya, iwe na kijisehemu kidogo cha EFI ambamo Windows inaweka faili zake za kuwashia. Ukikloni diski ya MBR, yaani kuinakili nzima kama ilivyo, unapata MBR nyingine, kijisehemu hicho hakipo. Kwa hiyo laptop inaiona SSD lakini haina pa kuanzia. Kuna laptop za kale kweli kweli ambazo bayosi yake haijui NVMe kabisa, hizo sawa, haisapoti, lakini za namna hiyo hata jina halitokei. Yangu lilitokea! Nililionyesha kwa kidole!

Dawa yake sasa. Akachomeka flashi ya kuinstoli Windows, akaiwasha kwa UEFI, ilipofika ukurasa wa kuchagua lugha akabonyeza Shift na F10, kikafunguka kidirisha cheusi. Diski ya zamani tulishaichomoa tukaiweka pembeni, hiyo usiiguse mpaka kila kitu kitulie. Akahakikisha SSD ndo diski namba 0, akaandika mbr2gpt /validate /disk:0, hiyo inapima tu kama diski inaweza kubadilishwa kutoka MBR kwenda GPT, ikakubali, akarudia na /convert badala ya /validate, hapo ndo ikabadilisha. Nilidhani nitasubiri saa nzima, kumbe hata chai haikupoa. Na mwisho ile programu yenyewe ikaandika kwamba sasa kabadilishe bayosi iwe UEFI. Yaani kompyuta inakuelekeza kistaarabu kuliko binadamu. Akabadilisha, akawasha, Windows hii hapa, faili zangu zote, hadi picha ya ukutani.

Na hiyo mbr2gpt si kitu cha kutafuta gizani, imo ndani ya Windows 10 tangu 2017. Ila angalieni, sehemu kuu zilizogawanywa kwenye diski (primary partitions) zisizidi 3, na kama mmefunga diski kwa BitLocker, ule ulinzi wa Windows, muizime kwanza, la sivyo inagoma.

SSD naipa nyota tano bila kufikiri, laptop sasa inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Fundi nilitaka nimpe sifuri. Halafu nikiwa mkweli, kukloni alikloni vizuri, hakuna faili hata moja lililopotea, na kijana akaniambia kuna dalili jamaa aligeuza hadi UEFI akaona bado inagoma ndo akakata tamaa, kwa hiyo alikuwa karibu kabisa. Nikasema basi nyota mbili. Lakini tulipofungua mfuniko wa chini tukakuta ile skrubu ndogo ya kushikilia SSD haipo, ameibana na kipande cha selotepu. Selotepu jamani! Kwenye kitu kinachopata joto! Nyota moja, tena ya kukloni tu.

Jana kanitumia meseji, "Dada ile mazabodi imepatikana, tuma nusu nikuagizie." Nimempigia picha skrini ya laptop yangu ikiwa imewaka nikamtumia, pamoja na namba yangu ya kurudishia 15,000. Ameshaisoma, tiki za bluu ninaziona.