Mbwa au helikopta: kumtafuta aliyepotea kwenye theluji ya Uskoti

Katika milima ya Uskoti, ambako wanaokwenda kuwatafuta wasafiri waliopotea ni watu wa kujitolea wasiolipwa, helikopta ya walinzi wa pwani ndiyo huwajia watu akilini kwanza. Hali ya hewa ikiwa shwari, sifa hiyo ni ya haki: hupita juu ya mabonde kadhaa kwa dakika chache, kamera yake hutambua joto la mwili gizani, na humbeba majeruhi moja kwa moja hadi hospitalini. Lakini wingu likishuka juu ya Ben Nevis, mlima wenye mita 1,345, na barafu ikianza kuganda kwenye mapanga ya helikopta, rubani hulazimika kurudi.

Hapo ndipo ninapompa mbwa uzito mkubwa zaidi. Tangu Hamish MacInnes, mpanda milima wa Uskoti, alipoanzisha chama cha mbwa wa uokoaji mwaka 1965, mbwa hao wamekuwa wakifunzwa kufuata harufu ya binadamu inayopeperushwa na upepo, hata usiku, hata ya mtu aliyefukiwa na theluji, ingawa huchoka na eneo wanalolimaliza ni dogo. Kwa maoni yangu, timu yenye fedha chache imfunze mbwa kwanza, kwa kuwa helikopta tayari inagharimiwa na serikali.